Kwa Papa Hubert, juu ya Maji ya Majivu ya Mama

Mwaka mmoja umetimia, Papa, tangu Jumanne ile ya mwezi wa sita ulipoacha chai yako nusu mezani, ukasema kifua kinabana, ukaenda kulala na hukuamka tena. Leo padri amekusomea misa. Sisi wa nyumbani tumekubaliana kukuandikia katika gazeti dogo la parokia, kama watu wengine wanavyowaandikia wafu wao. Yaya Hélène, dada yangu mkubwa, yuko mbali kwa bwana yake kule Kashuga, na Mama hajui kusoma, kwa hiyo kalamu imeniangukia mimi, Colette. Unanijua. Mbele ya watu sauti yangu inapotea. Kwenye karatasi inapatikana kidogo.

Mama amesema nianze na mema, na mema yako ni mengi.

Ulikuwa unanawa mikono mara tatu kabla ya kugusa bugali, kwa sababu ya dawa za labo, na ulitufundisha sisi pia kunawa mara tatu ingawa sisi dawa hatukuzigusa. Ulikuwa unanusa kila kitu: maharagi, shuka, kuni, mvua kabla haijafika. Uliingia mlangoni ukasema, "Pétronille, leo ulipita kwa Mama Libérata. Unanuka moshi ya mukaratusi yake." Na Mama akakujibu, "Huyu mwanaume angezaliwa imbwa ya kuwinda, ndugu zangu wa Walikale wangemununua bei kali." Wewe ulicheka mpaka miwani ikaanguka.

Watu wengi walidhani labo ni hospitali, kwa sababu ulivaa koti jeupe. Walikuletea watoto wenye homa, nawe hukumcheka hata mmoja. Mtoto wa Mukandori alipokunywa mafuta ya taa, ulimweka mgongoni ukatembea naye saa mbili mpaka dispanseri, na koti lako jeupe, na ukarudi kazini ukiwa na matope mpaka magotini. Leo mtoto yule anakata nyasi kwenye kaburi lako. Hakuna aliyemwambia afanye hivyo.

Ulizaliwa Nyabiondo, ukasoma miaka minne kwa mapadri, na mwaka wa 1938 ukapanda kwenye stasheni ya utafiti, kwenye kilima juu ya Bihambwe, kuosha chupa. Mwaka wa kwanza hukuvunja hata moja. Mkubwa wa labo, yule muzungu tuliyemwita Dokta, hakuwa daktari wa wagonjwa. Alikuwa chimiste, yaani mkemia. Vijijini walimwita Bwana Harufu, kwa sababu alitembea katika mashamba ya sitroneli, huo mchaichai wetu, akiponda majani chini ya pua yake siku nzima. Aliziona chupa zako, akakuita ndani. Akakufundisha kupima kwa mizani, kupasha mafuta moto bila kuyachoma, na kuandika kila kitu katika kaye, daftari lako la kazi, hata kile kilichoharibika. Ilipofika 1941 kazi ya asubuhi uliifanya wewe peke yako. Dokta alikuja tu kuangalia na kusema, "Endelea, Hubert."

Ulitueleza kazi yenyewe mezani, kwa vijiko na vikombe. Ndani ya mafuta ya sitroneli, ile ile ya chai, kuna kitu kimoja. Ukikiunganisha na kitu kingine kinachoitwa asetoni, unapata kitu cha tatu. Halafu unakitia asidi, kinajikunja kama pete, na hapo inatoka harufu ya ua moja la Ulaya linaloitwa violeti. Watengenezaji wa manukato wanalitafuta sana. Sisi ua hilo hatujaliona mpaka leo. Lakini vile vitu viwili vya kwanza haviungani vyenyewe, ulisema. Vinataka katalizeri.

"Katalizeri njo nani?" Mama akauliza.

"Ni kama mutu unamutuma kupatanisha familia mbili kwa ajili ya ndoa. Anaenda hapa, anaenda kule, ndoa inafungwa. Yeye anarudi kwake vile alitoka, hajapungua, hajaongezeka."

"Na kasiksi ya harusi hanywi?"

"Hata kikombe moja."

"Maskini," Mama akasema, na tukacheka wote.

Katalizeri yenu ilikuwa soda, ile inayochoma, na soda ilitoka Ulaya. Vita ilipokuja, meli zikaacha kuleta. Mwaka wa 1942 pipa la mwisho likaisha. Ulirudi nyumbani mchana, jambo ambalo hukuwahi kulifanya, ukasema labo itafungwa na sisi tutarudi Nyabiondo kulima.

Siku hiyo Mama alikuwa nyuma ya nyumba anachuja maji ya majivu. Wasomaji wa upande wa Masisi labda hawajui vizuri, kwa hiyo nieleze. Mama ni wa Walikale, wa msituni. Kwao wanawake wanachoma majani ya kwenye maji na maganda ya ndizi, wanaweka majivu katika kitunga, wanamimina maji juu yake, na yale yanayodondoka chini ni ya kulainisha sombe, hayo majani ya muhogo, kutengeneza munyu, yaani chumvi, na kutengeneza sabuni. Mwanaume hasimami penye jiko hilo wakati maji yanadondoka. Wanasema maji yanakuwa dhaifu. Wewe uliheshimu desturi hiyo miaka yote. Ulibaki mlangoni, kofia mkononi, kama mgeni.

"Hiyo soda yenu inafanya nini?" Mama akakuuliza bila kugeuka.

"Inachoma mikono. Inakula mafuta. Inafanya sabuni."

"Basi ni maji yangu."

"Usinicheke, Pétronille. Leo siwezi kucheka."

"Nani anacheka? Leta chupa."

Ulipeleka chupa hiyo labo, ukarudi nayo jioni. Haikuunganisha kitu. Mtu mwingine angeacha. Mama hakuacha. Alibadilisha majani, akachoma maganda ya ndizi peke yake, akapitisha maji yale yale mara mbili katika majivu mapya, akayachemsha mpaka yakabaki robo. Kila chupa alifunga uzi wenye mafundo kwa hesabu yake. Wewe ulirudi na habari: hii dhaifu, hii imechafuka, hii imeanza lakini imekufa. Alisikiliza, akajaribu tena. Mikono yake ilichubuka mpaka nikawa namlisha mimi. Kwenye chupa ya tisa alitia kitu kimoja ambacho mama yake alikuwa anatia kwenye sabuni ya kufulia nguo za msiba. Kitu hicho sitakiandika hapa.

Chupa ya tisa iliunganisha.

Siku hiyo uliingia moja kwa moja mpaka kwa Mama. Ulimwekea Mama mkono wa shati lako puani. Nasi tukanusa. Harufu ilikuwa tamu, halafu ikapotea kabisa, halafu ikarudi yenyewe kama mtu aliyesahau kitu. Ulisema ndivyo ilivyo harufu ile, inachosha pua na kuiacha, kisha inarudi. Ulimbeba Mama ukazunguka naye uani, majirani wakaona, akakupiga mgongoni umshushe. Na ulisema, sote tulisikia, na Mama Libérata alisikia juu ya ukuta wa matete: "Pétronille, siku jina yangu itaandikwa, jina yako itakuwa pembeni."

Tangu hapo, chupa mbili kila juma. Hata soda iliporudi baada ya vita, Dokta alisema maji ya majivu yanatoa mafuta safi zaidi, na kazi ikaendelea. Mikono ya Mama haikuweza tena kukata majani, kwa hiyo nilitolewa shule katika mwaka wa tatu ili niyakate mimi. Ulisema, "Colette atarudi mwaka kesho." Mwaka kesho ukawa miaka mingi. Sikulalamika, Papa. Nilijua kazi ni yetu sote.

Halafu ikaja 1948 na lile gazeti la wachimiste kutoka Ulaya. Dokta mwenyewe alikupa mkononi. Uliliweka mezani ukatuonyesha kwa kidole. Juu lilikuwa jina la Dokta, peke yake. Katikati maneno "majivu ya mimea". Jina lako halikuwapo, wala kwa herufi ndogo chini kabisa ambako wanawashukuru watu. Ulikaa kwenye benchi ukikataa kula. Ulisema, "Ameniiba, Pétronille. Miaka kumi ananiita rafiki, na ameniiba mbele ya macho yangu."

Mama alikutengenezea uji akakushikia kikombe. Alikusindikiza kanisani. Alikupanguza uso kwa kitambaa chake mwenyewe. Akasema, "Mungu anajua kazi ni ya nani." Nawe ukasema, "Ndiyo, anajua."

Miaka nane tulibeba uchungu ule pamoja nawe. Kila sikukuu, kila pombe ya kasiksi, kila mgeni, ulisimulia. Baba mdogo Callixte alilia kila mara kana kwamba anasikia mara ya kwanza. Dokta alipoondoka mwaka wa 1950, hukumbebea sanduku, na Mama alikataa kumpa mkono mke wake, mwanamke ambaye hakuwa amemkosea kitu. Alifanya hivyo kwa ajili yako.

Hukuacha kazi. Hilo tunalisema kwa heshima. Ulianza kutafuta kitu cha kuchukua nafasi ya asidi, ukasema katika milima yetu kuna udongo unaoweza kuikunja ile pete. Ulijaribu udongo wa aina arobaini na moja. Uliukausha, ukauosha, ukauchoma katika tanuru, ukauandika. Kila suruali yako ilikuwa na udongo mfukoni, na Mama alipofua alipiga kelele, "Hubert, unahamisha mulima kidogo kidogo!" Udongo wa thelathini na nane ulifanya kazi nusu. Ulikuwa unaufikiria asubuhi ile ya Jumanne.

Hayo ndiyo tuliyoyajua mpaka tulipokuzika.

Mwezi wa nne baada ya mazishi alikuja mkubwa mpya wa stasheni, yule kijana mwembamba uliyefanya naye kazi mwaka wako wa mwisho, pamoja na karani Floribert. Walileta kaye zako kumi na moja. Alisema wanatengeneza kitabu cha kazi zote za stasheni tangu mwanzo, amesoma kaye zako zote, na ameona. Aliposema Kiswahili alikisema polepole.

"Mama, bwana yako alikuwa chimiste wa kweli. Ile kazi ya majivu ni yake. Dokta alifanya vibaya. Tutaandika jina lake."

Papa, ungemwona Callixte. Alipiga magoti pale pale uani, akashika miguu ya yule kijana, kijana akaona haya akamwinua. Mama Libérata alipiga vigelegele. Kilichobaki kilikuwa kidole cha Mama kwenye karatasi, kuruhusu ukurasa wa kaye yako uchapwe. Floribert alikwisha kufungua kikopo cha wino.

"Colette asome kwanza," Mama akasema.

"Mama, ni kazi ya kidole tu," Floribert akasema.

"Kidole iko ya nani?"

"Yako, Mama."

"Basi mutoto asome."

Nilisoma kwa kufuata na kidole, kama ninavyosoma siku zote. Ilikuwa kaye ya tatu. Uliandika Kiswahili, maana Dokta alikijua na alikwambia usijitese na Kifaransa. Niliona tarehe, uzito wa mafuta, uzito wa asetoni. Niliona: "Leo chupa ya tisa. Imeunganisha." Mama akatabasamu. Chini yake palikuwa na mwandiko mwingine, wa wino wa buluu, mwandiko wa Dokta: "Hubert, nani alitengeneza maji haya? Ni wewe ao kuna mutu alikusaidia? Kama yuko, niandikie jina lake hapa." Alipiga mstari mrefu, akaacha nafasi.

Na juu ya mstari ule, kwa mwandiko wako mzuri ambao nilikuwa nauiga nikiwa mdogo: "Mimi mwenyewe. Hakuna mutu mwingine."

Mama alikuwa anatoa maharagi katika maganda. Mikono ikasimama.

"Soma tena."

Nikasoma tena.

"Aliulizwa?"

"Aliulizwa, Mama."

"Walimuachia na nafasi ya kuandika?"

"Ndiyo, Mama. Nafasi kubwa."

Aliweka sahani chini taratibu, akaenda nyuma ya nyumba, akakaa ametugeuzia mgongo. Floribert alifunga kikopo chake bila kuambiwa.

Papa, nimefikiri sana tangu siku ile. Kama ungenyamaza tu, tungesema ulisahau, au hukupata nafasi. Kama Dokta asingeuliza, tungesema wazungu hawaulizi. Lakini aliuliza. Aliomba jina. Mama anasema labda uliogopa watakucheka, wanaume wa labo, wakisikia kwamba siri ilitoka kwenye jiko la mwanamke wa msituni. Inawezekana. Mimi kinachoniuma si siku ile moja. Ni kwamba miaka sita baadaye ulikaa kwenye benchi ukalia kwamba umeibiwa, na yule aliyekushikia kikombe alikuwa Mama, na wewe ulijua. Ulikunywa uji ule ukijua.

Mkubwa aliporudi kuchukua jibu, Mama alimweleza yote. Callixte alikuwapo. Aliruka.

"Shemeji, mutu amekufa! Acha apate jina yake!"

"Jina yake sikatai. Nataka na yangu iwe pale."

"Yako ya nini? Kitabu ya chimie itaandika munyu ya jikoni?"

"Si iliandika majivu? Majivu ilianguka kutoka mbinguni?"

Mama Libérata alicheka nyuma ya ukuta wake, na Callixte akamtupia maneno ambayo siyaandiki katika gazeti la parokia.

Yule kijana hakucheka. Alisema yeye ni mtu wa labo, hawezi kumwamini mtu kwa maneno tu, awe hai au amekufa. Atafuata kaye yako neno kwa neno. Kama maji yatatoka, ni yako. Alichoma majani uliyoandika, akachuja mara ulizoandika, akachemsha dakika ulizoandika. Alijaribu mara nne. Hayakuunganisha kitu, Papa. Uliandika kile mtu anachokiona akiwa amesimama mlangoni.

Basi Mama akatengeneza chupa moja, akanituma niipeleke.

Sikuwahi kuingia mle ndani. Miaka yote niliacha chupa kwenye ngazi. Nilikaa kwenye kiti kimoja kirefu na Floribert akasema kwa sauti ndogo, "Dada Colette, hicho njo kiti ya baba yako," na nikasimama haraka, halafu nikakaa tena. Mkubwa alimimina mafuta, akamimina asetoni, akaiweka chupa katika maji baridi, akadondosha maji ya Mama moja moja. Mafuta yalikuwa ya njano. Yakaanza kuwa mekundu kidogo kama chai, na chupa ikapata joto ndani ya maji baridi. Alikoroga mpaka saa sita. Mchana akaosha, akatia asidi. Hakunusa kwanza yeye. Alichovya kikaratasi akanipa mimi.

Niliitikia kwa kichwa tu. Ilikuwa shati lako.

Akanusa naye. Akavua miwani. "Ni kweli," akasema. "Ni mama yako."

Nilirudi nyumbani mbio kwenye ule mteremko wote. Nilifikiri mambo yamekwisha, mtakaa wote wawili kwenye ukurasa mmoja kama ulivyosema siku ile ulipombeba. Mkubwa aliandika barua kwa wakubwa wake. Baada ya majuma mawili Floribert alileta jibu, na alilisoma akiangalia viatu vyake. Kitabu ni cha wafanyakazi wa stasheni. Kila jina lazima liwe na nambari ya kazi. Mama hana nambari. Hawezi kuandikwa. Liandikwe jina la marehemu Hubert Nzabandora peke yake, kama kaye yake mwenyewe inavyoshuhudia, ama pasiandikwe jina lolote.

Kama inavyoshuhudia. Wewe ndiwe uliyewapa neno hilo.

Callixte alikuja na wazee wawili wa Nyabiondo. Sikumwona akiomba hivyo hata siku ya posa ya Hélène. Hakupiga kelele tena. Alisema, "Shemeji, alingojea jina hii maisha yake yote. Nisaidie mimi, kama si yeye. Kidole moja tu."

Sote tulimwangalia Mama. Mimi nilitaka akubali, Papa, nakuambia kweli. Nilitaka kuliona jina letu limechapwa.

Mama alisema hivi, nami nimeandika vile vile alivyosema:

"Callixte, ndugu yako alililia jina yake miaka munane mbele yangu. Mimi njo nilimupanguza machozi. Kwa hiyo najua vile inauma, ni yeye alinifundisha. Walimufanyia vibaya. Na yeye alinifanyia ile ile. Leo mnaniletea wino ili mimi mwenyewe niweke kidole juu yake, niseme iko vizuri. Nilimupa Hubert maji. Nilimupa mikono yangu. Nilimupa shule ya mutoto wangu. Kidole simupe."

Mzee mmoja akasema, "Basi jina ya bwana yako itakufa."

"Nitamulilia," Mama akasema. "Lakini sitaweka."

Floribert aliikunja karatasi. Wazee waliondoka bila kuonja chakula, na Callixte hakukanyaga kwetu mpaka Pasaka.

Kitabu kilitoka mwezi wa tatu. Mkubwa alituletea kimoja, na hakukaa. Kuna picha ya nyumba ya labo, picha ya mashamba ya sitroneli, na picha ya Dokta amevaa kofia. Mwaka wa 1942 umepewa mistari miwili. Inasema kwamba wakati wa vita stasheni ilitumia majivu ya mimea. Haisemi ya nani. Na namna ya kuyatengeneza haimo, kwa sababu anayeijua hakuitoa.

Basi, Papa, tulikuwa na deni la kukueleza hili sisi wenyewe, usilisikie kwa mwingine: jina lako halikutoka. Safari hii si Dokta aliyelizuia. Ni sisi, watu wa nyumba yako. Tulijua uliipenda kazi ile kuliko kulala. Tulijua uliifanya vizuri. Wewe ndiwe uliyeona kwamba maji ya kufulia yanaweza kuunganisha kile kilichokosa soda, na kwamba udongo wa kilima unaweza kufanya kazi ya asidi, na hayo hakuna anayekunyang'anya. Ungeandika neno moja juu ya mstari ule, mngekuwa wawili leo.

Mama anakuja kaburini kila Jumapili baada ya misa. Anakulilia, si kwa kuigiza. Amesema niandike kwamba hajakusamehe, na kwamba kila juma anajaribu, na kwamba juma lingine linakuwa jepesi kuliko lingine. Mimi nimeanza kusoma jioni na watoto wa katekista. Niko mwaka wa nne. Wananicheka kwa urefu wangu, lakini wananipa nafasi kwenye benchi.

Wanaokukumbuka ni hawa:

Mke wako Pétronille, wa Walikale, aliyetengeneza maji ya majivu, chupa ya kwanza mpaka ya mwisho. Binti zako Hélène na Colette. Wajukuu zako watatu wa Kashuga. Jirani yako Mama Libérata, aliyesikia. Na mdogo wako Callixte, ambaye amekuja kwenye misa, na ambaye hakubaliani na maandishi haya. Ameomba liandikwe kwamba hakubaliani, nasi tumeliandika, kwa sababu aliomba.

Siku zote tutakukumbuka, Papa, na hatutapunguza kitu.